Mpaka wa Upinde Mkongwe

Kila mwaka, msimu wa kulungu unapoelekea ukingoni huko Marekani, watengenezaji wa pinde hutoa toleo jipya. Lile la mwaka uliotangulia, ambalo lilisifiwa kwa maneno hayo hayo, hushuka bei na kuanza kuitwa la zamani wakati wanunuzi wake wengi bado hawajafuma nalo mnyama hata mmoja. Katika soko la namna hiyo, upinde wenye umri wa miaka ishirini ni mzee wa kupindukia. Mwindaji anayepanda nao dunguni kule Michigan tarehe 1 Oktoba, siku msimu wa mishale unapofunguliwa, hutazamwa ama kama mtu aliyeishiwa ama kama mkaidi.

Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana juu ya jambo hili. Moja yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine yatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hii ya pili husomwa mara nyingi kama sifa ya ukale, nami sidhani kama ndivyo. Msala ule haulaumiwi kwa kuwa mpya. Unalaumiwa kwa kuwa unapita: una mwenyewe, una safari zake, na wakati wa sala ya kesho hautakuwapo. Upinde wa toleo la mwaka huu ni msala upitao kwa hesabu ya aliyeuunda, maana aliuunda akijua kwamba baada ya miezi kumi na miwili atawashawishi watu waone umepitwa. Swali la kujiuliza basi ni hili: mwenye upinde mkongwe ana nini kinachokaa?

Tuanze na kile kinachouzwa, maana si upuuzi. Mwaka 1966 mtu wa Missouri aitwaye Holless Wilbur Allen aliomba hataza ya upinde wenye roda, akaipata mwaka 1969. Katika upinde wa kawaida wa mti, kadiri unavyovuta ndivyo uzito unavyoongezeka, na pale ugwe unapogusa shavu ndipo mkono unapotetemeka. Roda za Allen ziligeuza mpangilio huo: uzito hupanda, hufika kilele, kisha hushuka kabla ugwe haujafika mwisho. Katika pinde za leo hushuka kwa asilimia 80 au zaidi, hivi kwamba upinde wa pauni 70 hushikiliwa kwa pauni 14 tu. Mwindaji anaweza kungoja kulungu ageuke bila kifua kumwaka moto. Juu ya hayo huongezwa kasi, ukimya na wepesi, na kila mwaka kila kimoja husogezwa mbele kidogo. Kasi inayotangazwa hupimwa kwa mshale mwepesi ambao wawindaji wengi hawautumii porini, lakini hata ukiondoa chumvi ya tangazo, maendeleo yapo.

Sasa tuyapime porini. Tuchukue upinde wa roda wa miaka ya 1990 unaotupa mshale kwa mita 73 kwa sekunde, na wa leo unaotupa mshale mzito wa kuwindia kwa mita 85. Sauti ya ugwe husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na hakuna upinde wa kuwindia unaoikaribia. Kulungu wa mkia mweupe husikia kabla hajaguswa. Akisikia, hujishusha ghafla ili akusanye nguvu za kuruka, na mshale uliolengwa moyoni ukapita juu ya mgongo, au, vibaya zaidi, ukachoma mahali pasipoua. Tukiacha kando ukinzani wa hewa, katika umbali wa mita 40 upinde wa zamani humwachia mnyama sekunde 0.43 kati ya kusikia na kufikiwa. Ule mpya humwachia 0.35. Hiyo ndiyo faida iliyonunuliwa. Lakini mwenye upinde wa zamani akisogea hadi mita 20, muda huo hushuka hadi sekunde 0.22. Na mwenye upinde wa mti mtupu, unaotupa mshale kwa mita 50 tu kwa sekunde, akifika mita 12, anamwachia mnyama sekunde 0.2, pungufu hata ya mwenzake mwenye roda.

Hesabu hii haimwambii mtu anunue nini. Inamwonyesha kwamba muda ule una njia mbili za kupunguzwa: kulipa au kusogea. Anayelipa amebadilisha chombo, na jioni hiyo hiyo anaweza kurudi dunguni akiwa mtu yule yule. Anayesogea hana budi kujua upepo unatoka wapi saa ya machweo, majani makavu yamelala wapi, kulungu wanashuka kwa njia ipi kwenda kunywa maji na wanarudi kwa ipi. Hana budi kukaa kimya mpaka miguu ife ganzi. Mita zile ishirini hazina duka. Tena hulipiwa upya kila mara, kwa sababu upepo wa leo haukopeshi wa kesho.

Hapa ndipo naona maana ya jambo hili inapoanza. Mtu anayewinda kwa upinde katika nchi ambayo bunduki inauzwa dukani amekwisha kukataa kitu. Kama haja yake ingekuwa nyama tu, au kumpata mnyama tu, risasi ingemfikia akiwa mita 200. Ameiweka chini kwa hiari yake. Mwanafalsafa wa Hispania José Ortega y Gasset, katika dibaji ndefu aliyoandikia kitabu cha uwindaji mwaka 1942, alilitazama jambo hili kwa makini: binadamu ana uwezo wa kummaliza mnyama asimwachie nafasi yoyote, lakini siku akiutumia wote, kile alichokuwa akikifanya kinakoma kuwa uwindaji na kuwa uangamizaji. Kwa hiyo mwindaji hujipunguza. Hujizuilia baadhi ya nguvu zake ili mnyama abaki na ujanja wake, masikio yake na pua yake, na ili mkutano wao uwe na mashaka.

Ukikubali hoja hiyo, ununuzi wa kila mwaka unakuwa jambo la ajabu kidogo. Mtu anaweka nadhiri ya kujizuia, kisha kila msimu analipa fedha nyingi ili ailegeze. Alichukua upinde kwa sababu ni mgumu, na sasa ananunua kila kinachouondolea ugumu. Aldo Leopold, mwanasayansi wa wanyamapori wa Wisconsin aliyechonga pinde zake kwa mikono yake mwenyewe, aliliona hilo mapema. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alilalamika kwamba wauza vifaa wamemvisha mwindaji vikorokoro kutoka kichwani hadi miguuni, na kwamba vitu vilivyopaswa kusaidia stadi vimekalia kiti cha stadi. Katika kitabu hicho hicho alitaja jambo lingine ambalo naona lina uzito zaidi: mwindaji hana watazamaji wa kumshangilia wala kumzomea. Sheria inaweza kupanga tarehe za msimu na idadi ya wanyama. Haiwezi kupanda dunguni pamoja naye na kumuuliza kama mshale ule ulistahili kuachiwa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimempendelea mwenye upinde mkongwe kupita haki. Katika shauri hili kuna wa tatu, naye hakuulizwa. Kulungu hana hisa katika nadhiri ya mwindaji. Kama upinde mpya unafuma kwa uhakika zaidi, na kama uhakika huo unamwepusha mnyama na kifo cha siku tatu vichakani, basi mapenzi ya mtu kwa chombo chake cha zamani ni anasa inayolipiwa kwa maumivu ya mwingine. Methali ya mchagua jembe si mkulima haimwokoi. Mkulima mwenye jembe bovu huumiza mgongo wake mwenyewe. Mwindaji mwenye upinde usiotabirika huumiza asiyekuwamo katika uchaguzi wake. Pingamizi hili ni zito, na ninavyoona mimi halijibiki kwa kusifu ukale. Mnyama hajali kama mshale ulitoka kwenye kumbukumbu nzuri za ujana wa mtu.

Linajibika, kama linajibika, kwa mpaka. Kila upinde mkononi mwa kila mtu una umbali ambao ndani yake mshale huenda unakotumwa, na nje yake huenda unakotaka. Kwa mtu mmoja ni mita 30, kwa mwingine 15. Kanuni ya maadili ya uwindaji ni fupi: usiachie mshale nje ya mpaka wako. Upinde mpya wenye nguvu humsogezea mtu mpaka huo mbele, lakini pia humtia tamaa ya kuuvuka, kwa sababu vipimo vya kiwandani vinamnong’oneza kwamba inawezekana. Upinde mkongwe uliotumiwa miaka mingi umekwisha kumwonyesha mwenyewe, kwa mishale iliyokosa shabaha ya majani makavu uani, ni wapi uwezo wao wawili unapoishia. Anajua mita 25 ni zake na 30 si zake. Kulungu akisimama mita 30, mkono unatulia wenyewe. Basi kinachompa mnyama haki yake ni ujuzi wa mpaka pamoja na utii kwake, na nguvu ya chombo haitoi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kwa hiyo uzuri wa upinde wa zamani, kama upo, hauonekani kwenye pembe zilizotundikwa ukutani. Unakaa katika mishale ambayo haikuachiwa. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna anayeweza kuihesabu isipokuwa mwenyewe.

Mtu aliyewafundisha wawindaji wa kisasa wa Marekani somo hili hakuwa na duka wala toleo. Mwaka 1911 alitokea karibu na mji wa Oroville, California, akiwa peke yake, wa mwisho wa watu wa Yahi waliokuwa wamemalizwa na walowezi. Walimwita Ishi. Daktari mpasuaji wa hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Saxton Pope, akawa rafiki yake, akajifunza kwake kuchonga upinde na kunyatia, mpaka Ishi alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Pope alipozipima pinde za Ishi aliziona hazina nguvu kubwa, na Ishi hakuwa hodari wa kulenga mbali. Hodari alikuwa karibu. Aliwaita sungura kwa kuiga mlio wa mdogo wao anayelia, wakamjia. Siku ya kuamkia kuwinda kulungu hakula samaki wala kuvuta tumbaku, ili harufu isimtangulie. Udhaifu wa upinde aliulipia kwa mwili wake mwenyewe.

Pope alichapisha aliyojifunza katika kitabu cha mwaka 1923, na mwaka 1925 yeye na mwenzake Arthur Young wakafika hadi Tanganyika kujaribu pinde zao kwa simba, bunduki za wenzao zikiwa zimeelekezwa tayari kandoni. Siwalaumu kwa kupenda kurudi nyumbani salama. Ila pale bunduki inaposubiri nyuma ya bega, upinde unabaki kuwa mchezo wa kupima ujasiri, kwa sababu mpaka wake una mlango wa nyuma. Ishi hakuwa nao mlango huo. Akikosa, amekosa.

Katika nchi ile ile waliyokwenda kujaribia, wapo watu ambao upinde kwao haujawahi kuwa nadhiri. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huwinda ili wale, na Mhadza akielezwa habari za mtu anayejinyima bunduki kwa ajili ya maana ya maisha, pengine atacheka. Upinde wake ni wa mti wa porini na ugwe wake ni wa kano za mnyama. Mshale una manyoya ya ndege, mara nyingi kanga, na chembe yake huenda ilikuwa msumari kabla ya kufuliwa. Upinde huo ukivunjika, mtu haulilii; anakata mwingine. Kwa hesabu ya kalenda, basi, upinde wa Mhadza unaweza kuwa mpya kuliko ule wa Michigan unaochekwa kwa ukongwe wake. Na bado hakuna atakayeuita mpya. Uzee wake haumo katika mti. Umo katika mikono inayojua ni tawi gani likatwe, likaushwe vipi motoni, na lipindwe kiasi gani kabla ya kulia.

Wahadzabe wana mchezo wa kamari waupendao sana, lukuchuko, ambamo vibapa vya magome ya mti hurushwa dhidi ya shina na kusomwa vinavyoanguka. Mali huhama mikono kutwa nzima: mishale ya chuma, visu, shanga, nguo. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika makala yake ya mwaka 1982 kwamba vipo vitu vichache visivyowekwa rehani katika mchezo huo. Miongoni mwake ni upinde wa mtu, mishale yake ya kupigia ndege na mkoba wake wa ngozi. Ni vitu ambavyo kila mwanamume hujitengenezea kwa malighafi ipatikanayo popote, kwa hiyo mchezo hauna sababu ya kuvizungusha. Mimi naongezea jambo moja. Kitu kisichoweza kupotea kwenye kamari ni kile ambacho thamani yake haihamishiki. Akishinda upinde wa mwenzake, mtu amepata kijiti na ugwe; mkono unaoujua umebaki kwa mwenyewe.

Ukisimama hapo Eyasi na kuutazama tena ule upinde wa roda wa miaka ishirini, unagundua kwamba ukale wake ni wa nusu. Mkono unaujua, ndiyo, lakini haujui kuutengeneza. Kubadilisha ugwe wake kunahitaji mtambo maalumu wa kubana mikono ya upinde, na mtambo huo uko kwa fundi. Roda ikipasuka, aliyeitengeneza huenda aliacha kuitoa miaka kumi iliyopita. Mwenye upinde huo anaishi kwenye ukingo: ameuzoea upinde kama Mhadza alivyouzoea wake, lakini uhai wake uko mikononi mwa watu wasiotaka udumu. Uaminifu wake kwa chombo ni wa kweli. Haurudishiwi.

Ndiyo maana uaminifu huo hauna budi kuwa na macho. Katika utenzi wa Homer kuhusu Odysseus, shujaa yule anarudi nyumbani baada ya miaka ishirini na kukabidhiwa upinde wake alioacha. Wachumba wa mkewe waliojaribu kuupinda wameshindwa. Hafanyi haraka ya kujionyesha. Anaugeuza huku na huku, anaukagua kila upande, aone kama wadudu hawakuitoboa pembe yake wakati hayupo. Alikuwa na kila sababu ya kuuamini, na bado aliuchunguza kwanza. Mwindaji wa leo hufanya vivyo hivyo kwa kupitisha pamba juu ya mikono ya upinde, maana pale penye ufa usioonekana nyuzi za pamba hunasa. Huangalia kama ugwe umechanika manyoya. Akikuta ufa, hauvuti tena, awe ameurithi kwa baba yake au la, kwa kuwa upinde wenye ufa unaweza kupasuka usoni pake, na kabla haujapasuka huwa umekwisha kuanza kupeleka mshale pengine. Kumpenda mzee hakuna maana ya kukataa kuona kwamba anaumwa.

Kutokana na hilo napata kipimo cha siku ya kuagana. Upinde haustahili kustaafishwa kwa sababu kuna mwingine wenye kasi zaidi, daima utakuwapo. Wala haustahili kubakizwa kwa sababu umekaa sana nyumbani. Unastahili kuwekwa chini siku ambayo mpaka wake haujulikani tena: jana ulifuma mita 20, leo kwa mkono ule ule unafuma kushoto, na mwenyewe hawezi kueleza kwa nini. Siku hiyo ukongwe uliokuwa maarifa umegeuka bahati nasibu, na mnyama hapaswi kuingizwa katika bahati nasibu ya mtu.

Kipimo hicho hicho kinamhukumu mwenye upinde mpya, tena kwa ukali zaidi. Upinde uliotoka dukani juzi haujulikani mpaka wake hata kidogo. Kinachojulikana ni namba za kiwandani, zilizopimwa kwa mshale ambao si wake na mkono ambao si wake. Mwenye kuupeleka porini wiki hiyo hiyo anamfanya kulungu kuwa shabaha ya majaribio. Kama ana haki, atautumia uani kiangazi kizima kabla ya kuupandisha dunguni, mpaka ajue unapoishia, mpaka mkono ukatae wenyewe mshale usiofaa. Kwa maneno mengine, atauzeesha kwanza. Na akiisha kuuzeesha, toleo jipya litatoka, naye ataamua kama aanze tena kutojua. Kwa hiyo ubishi wa upinde wa zamani na upinde mpya unafichua kwamba hakuna mtu anayewinda vema kwa upinde mpya. Wapo waliokwisha kuufahamu upinde wao, na wapo wanaonunua tena kabla hawajafika huko.